Namna ya kuandaa kozi ya mtandaoni na mtaalamu anayeijua kazi lakini hana muda

Ukipewa kazi ya kuandaa kozi ya mtandaoni kwa wafanyakazi, mtaalamu wa fani atakutumia slaidi zake. Zitakuwa nyingi, zina majedwali yasiyosomeka, na ya kwanza imejaa nembo. Bosi wako naye atasema, "Si maudhui yapo tayari? Yapandishe tu kwenye mfumo." Kozi nyingi huharibikia hapo. Slaidi zile zilitengenezwa kumkumbusha mtu anayezungumza mbele ya watu. Ukimwondoa yeye, vinabaki vichwa vya habari tu.

Hapa nitaeleza namna ya kumtoa mtaalamu kile ambacho hakimo kwenye slaidi, na kukigeuza kozi ambayo nesi wa zahanati anaweza kuifanya kwenye simu yake akiwa amekaa nje ya jengo anatafuta mtandao. Mifano yangu ni ya mnyororo baridi, yaani utunzaji wa chanjo kutoka bohari hadi kwenye paja la mtoto. Nimeandaa pia za makeshia wa Saccos na za madereva wa malori ya mafuta, na njia haikubadilika sana. Nachukua chanjo kwa sababu kosa lake linapimika: chanjo za zahanati zinakaa kati ya nyuzi +2 na +8 za Selsiasi, ukitoka nje ya hapo umeingia matatani.

Uliza kwanza kama kozi inahitajika

Wakikuambia "wahudumu hawana uelewa", usiandike hiyo kwenye daftari kama lengo. Omba kuona fomu za joto za miezi michache, zile zinazobandikwa kwenye friji na kujazwa asubuhi na jioni, hata wikendi na sikukuu. Fomu zinasema mengi. Ukikuta kila Jumamosi na Jumapili pameandikwa +5 kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, ujue zimejazwa Jumatatu. Huyo aliyejaza anajua vizuri kabisa anachotakiwa kufanya, ila hakuna aliyepangwa zamu ya wikendi. Kozi yako haitamleta kazini Jumapili. Ukikuta raba ya mlango wa friji imechanika, hiyo ni kazi ya fundi. Haya yaandikie barua fupi yenye heshima kwa aliyekutuma, kisha ubaki na lile ambalo mafunzo yanaweza kulitibu: jambo ambalo mtu hajui, au analijua lakini analiamua vibaya akibanwa.

Watafute wawili, na umjue mwenye sahihi

Mtaalamu mmoja hatoshi. Yuko anayeujua mwongozo, kwa kawaida yuko makao makuu, na anajua kwa nini kila namba iko pale ilipo. Na yuko anayeshika friji, au anayezunguka na pikipiki kuyakagua mafriji ya wenzake: mratibu wa chanjo wa wilaya. Huyu anajua watu wanakosea wapi. Ukipata na fundi wa majokofu, umebarikiwa, kwa sababu fundi haoni aibu kusema.

Juu yao kuna mtu wa tatu ambaye hatakuja kwenye kikao hata kimoja, lakini kozi haitoki bila sahihi yake. Muulize jina lake siku ya kwanza. Kozi iliyokamilika inaweza kulala kwenye meza yake hadi mwaka wa fedha uishe.

Kisha andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja: mtaalamu atatoa saa ngapi kwa jumla, vikao vitakuwa siku gani, maoni yatarudi ndani ya siku ngapi, wawili wakipingana nani anakata shauri, na atalipwa nini. Usiruke hilo la mwisho. Mtu anayeacha kazi yake kukusaidia wewe anastahili posho, au angalau mkuu wake ampunguzie majukumu kwa maandishi. "Atasaidia akipata nafasi" maana yake hatasaidia.

Muombe tukio, usimuombe maudhui

Kabla hujakaa naye, soma mwongozo wote. Ni dharau kumfanya mratibu mwenye uzoefu wa miaka akusomee kwa sauti kitu ambacho kimechapishwa. Wewe ukija ukiwa unajua kwamba chanjo ya surua-rubela na ile ya BCG ya kifua kikuu, kila moja ikishachanganywa na maji yake, zinatupwa baada ya saa 6 au kliniki ikiisha, kutegemea kipi kimetangulia, ataacha kukufundisha darasa la kwanza na mtazungumza kama watu wa kazi moja.

Sasa swali. Ukimuuliza mtaalamu "Mhudumu anatakiwa ajue nini?", atakujibu kwa slaidi. Mwanasaikolojia wa Marekani John Flanagan, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi na marubani wa jeshi, alieleza mwaka 1954 njia nyingine ambayo naitumia hadi leo: omba matukio halisi, yale ambayo mtu alifaulu au alishindwa, asimulie alichofanya hasa. Baadaye, katika miaka ya 1980, mwanasaikolojia mwingine, Gary Klein, aliwahoji makamanda wa zimamoto akakuta wanasema hawafanyi maamuzi kabisa, wanafanya tu kile kinachotakiwa. Wataalamu wako watakuambia hivyohivyo. Uamuzi upo, ila umeshazama hadi hauonekani kwa mwenyewe. Simulizi ndiyo inauibua.

Hiki ni kipande cha mahojiano na mratibu mmoja, mama mtu mzima ambaye kila mtu wilayani anamwita Sista.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba mwanangu. Leo unataka nini tena?"

"Nisimulie mara ya mwisho ulipokuta friji limeharibu chanjo."

"Aa, hiyo ya juzi tu. Umeme ulikatika Jumamosi mchana, ukarudi usiku. Kijana wa zamu akaangalia, akakuta tisa. Akaingiwa na hofu. Akazungusha swichi ya baridi hadi mwisho ili friji liwahi kupoa, akaenda zake kulala. Jumatatu naingia, nakuta pentavalenti, zile chanjo za magonjwa matano, zimeganda na kuyeyuka."

"Ulijuaje zimeganda, kama zilishayeyuka?"

"Kirekodi joto, kile kifaa cha ndani ya friji, kilikuwa na kengele ya baridi. Lakini hata kabla sijakisoma, maboksi ya chini yalikuwa yamelowa. Na swichi si ilikuwa imeangalia upande mwingine? Mimi nikiingia chumba cha friji naangalia swichi kwanza."

"Wewe ungekuwa zamu usiku ule, ungefanyaje?"

"Nisingegusa swichi. Umeme ukirudi friji linarudi lenyewe. Ningefunga mlango, nikaandika saa na joto, nikaangalia tena baadaye."

Slaidi alizokuwa amenipa zilisema: "Hakikisha joto linabaki kati ya +2 na +8." Yule kijana alikuwa anafanya hichohicho! Alihakikisha. Kanuni ambayo ingemwokoa, usiguse swichi umeme ukirudi, haikuwa kwenye slaidi hata moja, na Sista hakuwa ameificha. Kwake ni jambo la wazi mno kiasi cha kutokustahili kuandikwa. Kanuni za namna hii ndizo unazowinda.

Akishasimulia, rudi nyuma polepole na maswali machache. Uliona nini kwanza? Mgeni kazini angefanya nini hapo? Nini kingekufanya ubadili mawazo? Na swali ambalo halijawahi kuniangusha: "Kosa gani linakuudhi zaidi ukienda kukagua?" Hapo kaa kimya, rekodi inaendelea. Rekodi kwa ruhusa yake, mweleze itatumika wapi na itafutwa lini. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana ya 2019, na sauti ya mtu ni yake.

Tazama mikono

Kikao cha mezani hakitoshi. Nenda chumba cha friji, mwambie afanye kazi kama kawaida, wewe usimame pembeni. Mtaalamu akisema na mtaalamu akitenda ni watu wawili.

Chukua jaribio la kutikisa, linalotumika kujua kama chanjo inayodhaniwa kuganda imeharibika. Kwa mdomo, Sista alilieleza kwa sentensi moja: unagandisha kichupa kimoja makusudi, unakiyeyusha, unavitikisa viwili, unalinganisha. Kwa mikono, kabla hajafanya lolote alikigeuza kichupa akasoma namba ya toleo, akakirudisha, akachukua kingine. Nikamuuliza anatafuta nini. Kumbe cha kulinganishia lazima kiwe cha chanjo ileile, mtengenezaji yuleyule, toleo lilelile, la sivyo unalinganisha vitu visivyofanana. Kile alichokigandisha kikawa jiwe alikiandika kwa maka peni ili kisije kikamfikia mtoto. Kikishayeyuka, alivishika vyote viwili katika mkono mmoja, akavitikisa pamoja, akaviweka mezani wala hakuvigusa tena. Halafu akainama hadi macho yakawa sawa na meza. Ukitazama kwa juu huoni mashapo yanavyoshuka. Kichupa kinachoshukiwa kikituama haraka kama kile kilichogandishwa, au kukizidi, kimeharibika. Unatazama hadi dakika 30.

Vivyo hivyo na vipande vya barafu vya kubebea chanjo, vile vya plastiki vyenye maji yaliyogandishwa ndani. Mwongozo unasema viachwe nje hadi vianze kuyeyuka. Sista alikiweka kimoja sikioni, akatikisa, akasikiliza. Maji yakicheza ndani, kiko tayari kuingia kwenye kasha. Yakiwa kimya, subiri, kwa sababu barafu ambayo haijaanza kuyeyuka itagandisha chanjo zilizo jirani nayo. Sekunde hizo za video zimefanya kazi kuliko aya yoyote niliyoandika.

Piga video kwa simu ya kawaida, kwa mlalo, dirisha likiwa nyuma yako. Usipige nyuso za akina mama na watoto. Mikono na vichupa vinatosha.

Kuchuja

Ukirudi nyumbani una rekodi ndefu, picha na mwongozo mnene. Usianze kuandika moduli. Chora jedwali lenye safu nne: hali, uamuzi sahihi, kosa la kawaida, madhara yake. Kila tukio alilosimulia liingie humo. Jambo lisiloingia kwenye safu hizo haliingii kwenye kozi.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza, na ni ugomvi wa haki. Mtaalamu wa makao makuu atataka historia ya mpango wa chanjo, jinsi chanjo zinavyotengenezwa, na aina zote za mafriji yaliyowahi kuletwa nchini. Usimwambie hayana maana. Muulize: "Mhudumu asipojua hili, Jumatatu atafanya kosa gani?" Akiwa na jibu, liingize, maana amekushinda. Akikosa jibu, mpe mahali pengine pa kuliweka: waraka wa rejea unaopakuliwa, nje ya kozi. Na yale ya kuangaliwa kila siku yatoe kabisa kwenye kozi uyaweke kwenye karatasi ya A4 ya kubandika ukutani pembeni ya friji. Hakuna anayefungua moduli ya tatu saa nane usiku umeme ukiwa umekatika.

Kutoka kwenye jedwali, skrini inajiandika. Hii ilitoka kwenye simulizi ya juu:

"Jumatatu, saa 1:40 asubuhi. Kirekodi joto kinaonyesha kengele ya baridi ya Jumapili alfajiri. Sasa hivi joto ni +4. Pentavalenti ziko majimaji kama kawaida, na alama ya joto kwenye kila kichupa bado ni nzuri, mraba wa ndani ni mweupe kuliko duara lake. Akina mama wako kwenye benchi. Utafanya nini?"

Jibu la kwanza: nachanja, kwa sababu joto limerudi na alama ni nzuri. La pili: natupa zote na kuwaambia akina mama warudi wiki ijayo. La tatu: nazitenga, nazibandika karatasi ya "Usitumie" na kuziacha ndani ya friji, nampigia mratibu, tunapanga jaribio la kutikisa.

Majibu yasiyo sahihi usiyabuni wewe. Muulize mtaalamu watu hufanya nini kweli, ndipo yatakuwa na mvuto. Hilo la kwanza linawanasa hata wazoefu, kwa kuwa wanaiamini sana ile alama ya kwenye kichupa, ambayo ilianza kutumika kwenye chanjo ya matone ya polio mwaka 1996. Alama ile inakusanya joto tu. Hata chanjo ikiganda usiku kucha, alama itabaki nyeupe. Kwa hiyo maelezo yanayotokea mtu akibonyeza jibu la kwanza yasiseme "Si sahihi, jaribu tena". Yaseme: "Alama hii haijui baridi. Kengele ya baridi inalia joto likikaa -0.5 au chini yake kwa dakika 60. Hiyo inatosha kuzitilia shaka pentavalenti zote." Hizo ni sentensi za Sista, mimi nimefupisha tu.

Na ukweli kuhusu kengele ya joto, kwamba inasubiri zaidi ya +8 kwa saa 10 mfululizo, nao uweke palepale. Mtu akiona saa 10 upande mmoja na dakika 60 upande mwingine, anaelewa bila mhadhara kwamba kugandisha ni hatari ya haraka kuliko kupasha.

Mapitio yasiyochosha

Usimtumie mtaalamu rasimu nzima na kuandika "naomba maoni yako". Atajibu "iko vizuri, hongera" au hatajibu kabisa, na yote mawili hayakusaidii. Mtumie kipande kimoja chenye maswali mawili au matatu ya kubana: Je, mratibu anapigiwa simu kabla ya kutenga vichupa au baada? Je, kuna zahanati isiyo na kirekodi cha siku 30? Wengi hawapendi kuandika maoni kwenye faili; waache wakutumie sauti kwenye WhatsApp, wewe ndiye uandike, kisha uwarudishie maandishi wathibitishe. Kumbukumbu hiyo itakuokoa siku mtu atakapouliza nani alisema hivi.

Wakipingana, usipige kura. Rudi kwenye mwongozo wa wizara uliochapishwa, na kama uko kimya, mpelekee yule mliyemwandika kwenye makubaliano. Kwenye kozi hii mtaalamu wa makao makuu alisimamisha skrini moja kwa sababu nilikuwa nimeorodhesha chanjo ya polio ya sindano pamoja na zile za kutikisa. Jaribio linafaa kwa chanjo zenye chumvi za alumini, na ile haina, ingawa nayo haitakiwi kuganda. Mratibu hakuliona, kwa sababu kazini kwake halijamtokea. Ndiyo maana nasema wawili.

Mfumo

Hapa nitapita haraka, maana watu huanzia hapa na hapastahili. Moodle inatosha kwa taasisi nyingi: ni programu huria aliyoianzisha Martin Dougiamas huko Australia, ikatolewa rasmi mwaka 2002, na app yake inamruhusu mtu kupakua kozi kwenye mtandao mzuri akaifanya bila mtandao. Video ziwe za dakika moja hadi mbili, zibanwe, ziwe na maandishi chini kwa sababu nesi hatawasha sauti mbele ya wagonjwa. Kila kitu kijaribiwe kwenye simu ya bei nafuu yenye kioo kilichopasuka, usijaribie kwenye kompyuta yako ya ofisini. Kama bando ni la mfanyakazi mwenyewe, mwajiri alirudishe. Usipolijadili hilo, watakaomaliza kozi ni wale wa mjini.

Jaribio la kweli

Kabla ya uzinduzi, tafuta wahudumu wachache ambao hawajaiona, wape simu, kaa nyuma yao. Mtaalamu naye aje, kwa sharti moja: asizungumze. Ni mateso kwake. Atamwona mtu akisoma skrini aliyoiona nzuri, akirudi nyuma, akirudi tena, na atataka kuruka kumsaidia. Mshike. Baada ya nusu saa hiyo, mtaalamu mwenyewe ndiye atakayeomba maneno yapunguzwe, na mnaweza kumaliza mabishano yaliyoshindikana kwa barua pepe.

Baada ya kuzindua

Ripoti itadai asilimia ya waliomaliza na alama za mtihani. Mpe mkubwa wako, anazihitaji. Lakini tangu 1959, mtaalamu wa mafunzo wa Marekani Donald Kirkpatrick alipoandika kuhusu kupima mafunzo kwa ngazi nne, tunajua kwamba kufurahia kozi na kufaulu mtihani ni ngazi mbili za mwanzo tu. Juu yake kuna mwenendo kazini, kisha matokeo. Kwa chanjo una bahati, kirekodi kinakuandikia matokeo. Linganisha kengele za baridi za miezi kadhaa kabla na baada, katika zahanati zilizofanya kozi na zile ambazo bado. Mwombe mratibu, kila akienda kukagua, aangalie swichi iko wapi na aandike.

Mwisho, kozi iwe na mwenyewe na tarehe ya kuangaliwa upya, vyote vimeandikwa kwenye skrini ya kwanza. Miongozo hubadilika. Aprili 2016, nchi zilizokuwa zinatumia matone ya polio yenye virusi vya aina tatu zilihamia yenye aina mbili ndani ya wiki mbili, na kila somo lililotaja yale ya zamani likawa linafundisha kitu kisichokuwepo tena kwenye friji. Mpange mtaalamu wako kikao kimoja kifupi kwa mwaka, kiingie kwenye makubaliano yale ya mwanzo pamoja na posho yake, na majina ya wote wawili, wa makao makuu na wa wilaya, yaandikwe kwenye kozi kwa herufi za ukubwa mmoja.